Je, "gundi" ya ligasi hubaki ndani ya DNA?

Swali: Mtaalamu, nafundisha biolojia kidato cha tano na cha sita hapa Tanga. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba DNA ligase ni gundi ya DNA, basi tunasonga mbele. Mwaka huu mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hiyo gundi inabaki humo ndani?" Nikakwama. Mwenzake akasema karatasi ya hospitali ya mama yake ina neno "ligation", akataka kujua kama ni kitu kilekile. Naomba unifafanulie maana ya neno hili, linatumikaje, na kwa Kiswahili tulisemeje.

Jibu: Mwalimu, huyo mwanafunzi wa gundi ameuliza swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wanafunzi wa chuo kikuu. Mpe jibu hili kwanza: hakuna kinachobaki. Ligasi (DNA ligase), kimeng'enya kinachounga DNA, ikimaliza kazi huondoka, na mahali ilipounga huwezi kupatambua hata ukipima, kwa sababu bondi iliyopo hapo ni ileile inayomshika kila nukleotidi, yaani kila kijenzi kimoja cha DNA, na jirani yake kwenye uzi mzima. Gundi ina tabia nyingine. Ukibandika kikombe kilichovunjika, gundi hukaa katikati ya vipande viwili milele, na jicho likiangalia vizuri litauona mstari. Ndiyo maana mfano wa gundi, ingawa umo katika vitabu vingi na unaeleweka haraka, huishia kuwapa watoto picha isiyo sahihi.

Mimi hutumia mfano wa sonara. Mkufu ukiachia pete moja, unampelekea sonara. Haongezi dhahabu wala hapaki kitu. Anaishika ile pete kwa koleo, anaibana, mkufu unarudi kuwa mzima, na koleo linarudi mezani kungoja mkufu mwingine. Ligasi nayo huunga mahali pamoja, ikaachia, ikaenda kwingine. Tofauti ni kwamba sonara hutumia nguvu za mkono wake, ilhali ligasi lazima ipewe nishati, na hapo ndipo kemia yake inapopendeza.

Uzi wa DNA umejengwa kwa sukari na fosfati zinazopokezana. Uzi ukiachia mahali, upande mmoja hubaki na kikundi cha haidroksili, ndio ule ambao vitabu huuita ncha ya 3', na upande wa pili hubaki na fosfati, ncha ya 5'. Viwili hivyo vinatazamana, vimekaribiana kabisa, na bado havishikani, maana fosfati ile imetulia, haina nishati ya kufanya bondi mpya. Ligasi huja ikiwa imejiandaa. Kwanza huichukua molekuli ya ATP, ibebayo nishati ndani ya seli, huivunja, na kipande chake kiitwacho AMP hukishikiza kwenye mwili wake yenyewe, juu ya asidi amino ya laisini. Kisha hukihamishia kipande hicho kwenye fosfati ya ncha ya 5'. Fosfati iliyokuwa imetulia sasa imechangamka. Ndipo haidroksili ya upande wa pili inapoishambulia, bondi ya fosfodiesta inafanyika, na AMP inatolewa nje. Kwa hiyo mwanafunzi wako alikuwa karibu na ukweli kwa namna moja: kweli kuna kitu hubandikwa kwenye DNA, lakini kwa kitambo kidogo sana, na kutoka kwa kitu hicho ndiko kunakokamilisha muungano.

Hapa nakuomba utumie maneno mawili ya Kiswahili yatakayokuokolea muda mwingi darasani: ufa na pengo. Uzi mmoja ukiachia bila nukleotidi yoyote kupotea, huo ni ufa. Nukleotidi zikikosekana, hata moja tu, hilo ni pengo, kama pengo la jino. Ligasi huziba ufa. Penye pengo haiwezi kitu mpaka polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, ije kwanza ijaze nukleotidi zilizokosekana, hadi pengo libaki ufa. Nimesahihisha majibu mengi yanayosema ligasi "hujaza mapengo katika DNA", na kila mara nimelazimika kukata alama. Kosa la pili, ambalo naona hata kwa wanafunzi hodari, ni kudhani ligasi ndiyo inayoushikamanisha uzi mmoja na mwenzake, yaani A na T, G na C. Jozi hizo hushikana zenyewe kwa bondi za haidrojeni. Ligasi hufanya kazi kwenye uti wa uzi, pale penye sukari na fosfati.

Kwa nini basi polimerasi isimalize kazi yenyewe, ikiwa nayo hutengeneza bondi zilezile za fosfodiesta? Swali hili likiulizwa darasani, furahi. Polimerasi huongeza nukleotidi mojamoja, na kila nukleotidi inayoingia huja na fosfati tatu, yaani imekuja na nishati yake mfukoni. Polimerasi inapofika mwisho na kukutana na kipande kilichotangulia, mbele yake sasa kuna ncha yenye fosfati moja tu. Haina nishati ya kutumia, kwa hiyo inaishia hapo, na ufa unabaki. Ligasi ndiyo inayoleta nishati kutoka nje.

Ufa huo si wa kupuuzwa. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ndani ya seli methali hii hutimia neno kwa neno. DNA yenye ufa kwenye uzi mmoja ikianza kunakiliwa kabla ya kuungwa, mashine ya kunakili hufika penye ufa na kuporomoka hapo, na kilichokuwa ufa wa upande mmoja kinageuka kuwa mvunjiko wa kromosomu. Kutengeneza mvunjiko kama huo ni kazi kubwa, na ikifanywa vibaya ni mojawapo ya milango ya saratani.

Nyufa nyingi kuliko zote hazitokani na ajali. Seli huzizalisha yenyewe kila inaponakili DNA yake. Mwaka 1968 Reiji Okazaki, mkewe Tsuneko Okazaki na wenzao wa Nagoya, Japani, walionyesha kwamba DNA mpya hutokea kwanza ikiwa vipande vifupi, ndivyo vinavyoitwa vipande vya Okazaki. Uzi mmoja hunakiliwa moja kwa moja, lakini mwenzake hunakiliwa kinyumenyume kwa vipande, vya nukleotidi 1,000 hadi 2,000 hivi kwa bakteria, na 100 hadi 200 kwetu sisi. Sasa chukua kalamu upige hesabu pamoja na darasa. Seli ya binadamu ina jozi za nukleotidi zipatazo bilioni 6. Gawanya kwa urefu wa kipande kimoja, utaona kwamba kila seli inapogawanyika ligasi huunga makumi ya mamilioni ya nyufa. Kundi la Okazaki lilipotazama virusi vya T4, vinavyoshambulia bakteria wa E. coli, ambavyo ligasi yake ilikuwa na kasoro, lilikuta vile vipande vifupi vimerundikana bila kuungwa. Hilo ndilo jaribio ambalo ningelisimulia darasani kabla ya maelezo mengine yote, maana linaonyesha kazi ya kimeng'enya kwa kukiondoa.

Nije kwenye neno lenyewe. "Ligase" limetokana na kitenzi cha Kilatini ligare, kufunga au kuunga, likaongezwa kiambishi cha "-ase" kinachotambulisha vimeng'enya. Kiambishi hicho kimetoka kwenye diastasi, kimeng'enya ambacho Payen na Persoz walikieleza Ufaransa mwaka 1833. DNA ligase yenyewe iligunduliwa mwaka 1967, na maabara kadhaa za Marekani ziliifikia karibu wakati mmoja: ya Martin Gellert huko Bethesda, ya Robert Lehman huko Stanford, ya Charles Richardson huko Harvard, na ya Jerard Hurwitz jijini New York. Mwanzoni hapakuwa na jina moja. Wengine waliandika "polynucleotide ligase", wengine wakasema tu "kimeng'enya cha kuunga". Jina fupi ndilo lililoshinda.

Sasa mama wa yule mwanafunzi. "Ligation" ya hospitalini kwa kawaida ni kufunga kizazi: daktari huifunga mirija ya uzazi ili yai lisikutane na mbegu. Madaktari wa upasuaji pia hutumia neno hilo wanapoufunga mshipa wa damu kwa uzi ili usivuje. Shina ni lilelile la Kilatini, lakini hakuna kimeng'enya wala DNA inayoguswa. Mwambie mwanafunzi kwa upole, ikiwezekana kando, kwa sababu hilo ni jambo la mama yake.

Tazama Mwalimu jinsi lugha yetu inavyotusaidia hapo. Kilatini kilitia mambo mawili ndani ya neno moja, na Kiingereza kikarithi. Sisi tunayo maneno mawili. Daktari anafunga, ligasi inaunga. Na kuunga kwetu kuna maana inayolingana kabisa: mtu akivunjika mguu, baada ya wiki kadhaa tunasema mfupa umeunga. Pande mbili zimekuwa kitu kimoja tena, bila msumari wala gundi. Kuunganisha ni neno zuri pia, lakini masikioni mwangu linaacha nafasi ya vitu viwili kubaki viwili, kama unavyounganisha simu na chaji au basi moja na jingine. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: jina liwe ligasi, tendo liwe uungaji wa DNA, na kitenzi kiwe kuunga. "Ligasi imeunga vipande vya Okazaki." Sentensi hiyo anaielewa hata babu asiyejua kemia.

Kuhusu tahajia, wapo wanaoandika ligesi kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Nachagua ligasi kwa sababu inafuata maandishi, na kwa sababu jirani zetu wa Bukavu na Bujumbura waliosoma kwa Kifaransa hutamka "ligaz", hivyo tunakutana katikati. Ukichagua ligesi sitagombana nawe, ila uchague moja uishike, na polimerasi na helikasi zifuate mkondo huohuo. Mtihanini, kwa kuwa mtihani wa kidato cha sita ni wa Kiingereza, waandike DNA ligase, maneno yote mawili.

Nasisitiza maneno yote mawili kwa sababu ligasi peke yake ni jina la ukoo mzima. Katika mpangilio wa kimataifa wa vimeng'enya, kundi la 6 lote ni ligasi, yaani vimeng'enya vinavyounga molekuli mbili kwa kutumia nishati ya ATP au ya molekuli inayofanana nayo. Humo mna vile vinavyoshikiza asidi amino kwenye RNA pelekezi wakati wa kutengeneza protini, na mna DNA ligase, yenye namba 6.5.1.1 ikiwa inatumia ATP na 6.5.1.2 ikiwa inatumia NAD. Mwanafunzi wako akienda chuoni atakutana pia na ligasi za ubikuitini, ambazo hushikiza protini ndogo iitwayo ubikuitini juu ya protini nyingine, mara nyingi kama alama kwamba hiyo iharibiwe. BRCA1, protini inayotajwa sana katika saratani ya matiti, hufanya kazi ya aina hiyo. Kwa hiyo akisoma kwamba BRCA1 ni "ligase", asidhani inaunga DNA kwa mkono wake. Awe mwangalifu pia na "lyase", liasi, kundi la 4, linalovunja bondi bila kutumia maji. Maandishi yanakaribiana, kazi zinapingana.

Kwenye uhandisi jeni, ligasi inayotumika zaidi ni ya virusi vilevile vya T4. Unakata plasmidi, yaani duara dogo la DNA la bakteria, na jeni yako kwa kimeng'enya kilekile cha kukata, unapata ncha nata, yaani vijinyuzi vifupi vinavyoning'inia na kutafutana, kisha ligasi inaunga. Iwapo kimeng'enya kimekata wima, ncha zinakuwa butu. Ligasi ya T4 huweza kuunga hata hizo, ila kwa uvivu zaidi. Wanafunzi hushangaa kusoma kwamba mchanganyiko huachwa usiku kucha kwenye nyuzijoto 16, wakati kimeng'enya chenyewe kinapenda joto zaidi. Sababu ni zile ncha nata. Nukleotidi nne tu zinazoshikana ni mshiko dhaifu, na joto huzitenganisha kabla ligasi haijafika, kwa hiyo nyuzijoto 16 ni mapatano kati ya kimeng'enya kinachotaka joto na ncha zinazotaka baridi. Kwenye nyuzijoto 25 nako kazi hufanyika, mara nyingi ndani ya saa moja.

Nikiwa mwanafunzi wa uzamili, uungaji wangu ulikataa kwa wiki tatu mfululizo. Nilibadilisha ligasi, nikabadilisha plasmidi, nikafikia kuishuku hata maji. Tatizo lilikuwa kwenye bafa, yaani kimiminika ambamo ligasi hufanyia kazi. ATP imo ndani ya bafa ile, na kila umeme ulipokatika jokofu likayeyuka kisha likagandisha tena, ATP ilizidi kuharibika. Ligasi ilikuwa nzima, ila haikuwa na nishati. Tangu siku hiyo bafa mpya huigawa kwenye vichupa vidogo, kila kimoja cha kutumia mara moja au mbili. Kisa hiki huwasimulia wanafunzi wanaosoma zile hatua tatu za kemia wakidhani ni za kukariri tu. Kuna kingine cha namna hiyo: vianzio vya PCR, yaani vijinyuzi vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili maabarani, vinavyoagizwa kiwandani kwa kawaida huja bila fosfati kwenye ncha ya 5'. Bila fosfati hiyo AMP haina pa kubandikwa, na ligasi haiungi kitu. Mafundi wa maabara huitumia kanuni hiyohiyo kwa faida yao, wakaiondoa fosfati kwenye plasmidi makusudi ili isijifunge yenyewe kabla ya kupokea jeni.

Mfano wa manufaa yake upo karibu na kila familia: insulini. Zamani ilikamuliwa kutoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 wanasayansi wa California walitengeneza vipande vifupi vya DNA kwa kemia, wakaviunga kwa ligasi mpaka vikawa jeni za insulini ya binadamu, kisha wakaziunga ndani ya plasmidi ya bakteria. Mwaka 1982 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani. Insulini ya binadamu wanayojidunga bibi na babu zetu leo imetokana na njia iliyofunguliwa hapo.

Mwili wetu una jeni tatu za DNA ligase, zinazoitwa ya 1, ya 3 na ya 4. Watoto wakali wa macho watauliza ya 2 iko wapi. Iliwahi kutajwa, halafu ikabainika kwamba inatokana na jeni ileile ya 3, ikafutwa kwenye orodha. Ya 1 ndiyo mfanyakazi mkuu wa vipande vya Okazaki. Ya 3 hutengeneza nyufa za kila siku, na ndiyo inayotunza DNA ya mitokondria. Ya 4 huunga kromosomu zilizovunjika nyuzi zote mbili, na bila yake chembe nyeupe za damu haziwezi kupanga upya jeni zao za kutengeneza kingamwili. Watu wachache sana duniani huzaliwa na kasoro kwenye ligasi ya 4. Huwa na kichwa kidogo, kinga dhaifu, na mionzi huwadhuru kuliko watu wengine. Daktari akitaka kuwatibu saratani kwa mionzi lazima ajue hilo mapema.

Mwisho, chukua mambo mawili ya hapa kwetu umpe yule mwanafunzi wa gundi akayafikirie. Bakteria wa kifua kikuu ana ligasi asiyoweza kuishi bila yake, na hiyo hutumia NAD badala ya ATP, ilhali ligasi zetu zote tatu hutumia ATP. Muulize: kwa nini jambo hilo linawavutia watafuta dawa? Na kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hakina kabisa ligasi ya 4. DNA yake ikivunjika nyuzi zote mbili, karibu njia pekee iliyobaki ni kunakili kutoka kwenye DNA nyingine inayofanana. Muulize mtafiti anayetaka kuhariri jeni za kimelea hicho kwa kuikata DNA yake lazima amletee kitu gani cha ziada. Akipata majibu, niandikie, nitayasoma kwa furaha.